Jicho la Mpima Sarafu

Mwaka 375 kabla ya Kristo, Waathene walipitisha sheria ya fedha wakaichonga kwenye jiwe la marumaru. Jiwe hilo lilifukuliwa sokoni Athene mwaka 1970, na humo yumo mtu ninayemstahi kuliko wafalme wengi ambao sura zao zimegongwa kwenye sarafu. Ni mtumwa wa umma. Kazi yake ilikuwa kukaa penye meza za wabadilisha fedha na kukagua kila sarafu aliyoletewa. Akikuta shaba au risasi iliyovikwa fedha, aikate papo hapo, nayo iwe mali ya Mama wa Miungu. Akiikubali, neno limekwisha: mwuzaji atakayeikataa hunyang'anywa bidhaa zote alizotandaza siku hiyo. Mtumwa asiye na sauti barazani ndiye aliyekata shauri kati ya waungwana! Naye asipokaa mahali pake, viboko 50.

Ujuzi wake ungali hai, na unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa.

Tuishike sarafu ambayo bila shaka ilipita mikononi mwake mara nyingi, ile ya drakma nne: upande mmoja Athena na kofia ya vita, upande wa pili bundi, uzito kama gramu 17.2. Kipande cha fedha kiliwekwa kati ya mihuri miwili kikapigwa nyundo, na pigo hilo ndilo analotafuta mpimaji. Fedha ikipigwa hutambaa kutoka katikati kuelekea ukingoni, ikaacha mistari myembamba inayoonekana kwa lenzi kandokando ya herufi. Ukingo nao hupasuka hapa na pale. Sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu haina habari hiyo. Herufi zake zimelegea, usoni kuna vitundu vya hewa, na ukingoni utaona mshono pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, au mikwaruzo ya tupa iliyojaribu kuuficha. Tena, mghushi akimimina sarafu kumi kutoka kalibu moja, zote kumi hurithi kovu lile lile. Sarafu za kweli hupata makovu kila moja kwa safari yake.

Siku hizi hakuna haja ya kukata. Sarafu hupimwa kwanza hewani, kisha ikiwa imening'inia kwa uzi ndani ya maji. Bundi wa fedha safi hupungua takriban gramu 1.64. Mwenye kiini cha shaba hupungua zaidi ya hapo, na mwenye kiini cha risasi hupungua kidogo kuliko hapo. Ni jibu la hakika, na sarafu haikuguswa hata kwa ukucha.

Lakini yupo mghushi aliyevuka vizingiti vyote hivi. Carl Wilhelm Becker, Mjerumani aliyefariki mwaka 1830, alichonga mihuri ya chuma kwa mkono wake na kugonga sarafu kwa nyundo kama wazee wa kale. Alipotaka zionekane zimechakaa, alizitia kwenye kisanduku chenye vumbi la chuma, akakifunga chini ya gari lake la farasi, akaenda matembezi. Pigo lilikuwepo, uzito ulikuwepo. Kilichomfichua ni mkono wake. Wachongaji wa Sirakusa, Athene na Roma walitengana kwa bahari na karne, lakini kwa Becker wote walichonga kwa mwandiko mmoja. Mwaka 1826 Domenico Sestini, aliyekuwa amepitisha macho kwenye maelfu ya sarafu halisi, alimtaja katika kitabu chake juu ya waghushi. Mizani isingemwambia hivyo. Aliambiwa na miaka ya kutazama, na kwangu mimi hapo ndipo kilele cha ufundi huu.

Shahidi mwingine wa mpimaji ni uchafu. Kutu ya shaba iliyokaa ardhini karne nyingi hushikana na shaba yenyewe. Ya kupakwa hubanduka kwa sindano. Na mahali sarafu ilipookotwa hueleza mengi ambayo uso wake hauwezi kueleza. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiokota kisarafu cha shaba kwenye magofu ya Kilwa au ufukweni Mafia, ambako sarafu za masultani wa Kilwa zimepatikana kweli, tafadhali usikisugue kwa ndimu wala majivu. Andika mahali ulipokiona, kisha kipeleke makumbusho na udongo wake.