Dakika 120 za Porini: Ushauri Mzuri, Kipimo Chenye Mapengo

Kama una simu janja, umeshakutana na ushauri huu, tena pengine uliletewa na simu hiyohiyo: punguza muda wa mtandaoni, rudi kwenye asili, uishi maisha halisi. Mara nyingi unakuja na namba yake kabisa, dakika 120 kwa wiki. Ukikaa kwenye miti, ufukweni au bustanini kwa dakika hizo, unaambiwa, afya itakuwa nzuri na roho itatulia. Namba ikishatajwa, watu wanaona mjadala umefungwa. Si sayansi imesema?

Leo tufanye kile tunachofanyaga hapa: tuufungue utafiti wenyewe, tuone ulipima nini na haukupima nini.

Niseme msimamo wangu mapema ili tusije tukaelewana vibaya. Ushauri wenyewe si mbaya, na mimi naufuata kadiri ninavyoweza. Ugomvi wangu ni kwamba umeunganisha mambo mawili ambayo watafiti waliyapima mbalimbali, yaani kuacha simu na kwenda kwenye asili. Halafu ukamtwisha mtu mmojammoja mzigo ambao sehemu yake kubwa ni ya jiji, ya serikali ya mtaa, ya sisi sote kwa pamoja.

Namba ilitoka wapi

Dakika 120 zimetoka kwenye utafiti wa Mathew White wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, na wenzake, uliochapishwa mwaka 2019 kwenye jarida la Scientific Reports. Walitumia majibu ya watu 19,806 wa England waliohojiwa kwenye dodoso kubwa la kitaifa. Kila mmoja aliulizwa ametembelea maeneo ya asili mara ngapi katika siku saba zilizopita, anajionaje kiafya, na ameridhika kiasi gani na maisha yake. Waliofikisha dakika 120 au zaidi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema afya yao ni nzuri na kwamba wameridhika na maisha, ukiwalinganisha na wale ambao hawakwenda kabisa. Chini ya hapo tofauti haikuonekana wazi. Na haikujalisha kama mtu alizimaliza zote Jumapili au alizigawa vipande vipande ndani ya wiki.

Ni kazi nzuri, na waandishi wake hawakuficha mipaka yake. Shida ni kwamba namba inasafiri lakini mipaka inabaki nyumbani. Hebu tuitazame mitatu.

Kwanza, watu waliulizwa mara moja tu, hawakufuatiliwa. Sasa fikiria mtu mwenye magoti mabovu, au mwenye sonona. Huyo hatoki nyumbani. Je, kutotoka ndiko kulikomdhoofisha, au udhaifu ndio uliomzuia kutoka? Data za namna hii haziwezi kukujibu. Watafiti walijaribu kulipunguza tatizo kwa kuzingatia mambo kama umri, ajira, ulemavu na maradhi ya muda mrefu. Lakini kupunguza si kuondoa.

Pili, dakika zenyewe hazikupimwa kwa saa. Mhojiwa alieleza kwa kina safari moja iliyochaguliwa kwa kubahatisha, kisha muda wa safari hiyo ukazidishwa kwa idadi ya safari zake za wiki nzima. Kwenye madodoso makubwa njia hiyo inakubalika. Ila ukishaijua, huwezi tena kuichukulia 120 kama dozi ya panado.

Tatu, na hili ndilo linalotugusa sisi zaidi, dodoso lilihesabu matembezi ya mapumziko. Hata muda wa kukaa kwenye bustani ya nyumbani kwako haukuingia. Kwa kipimo hicho, mama anayelima mpunga Kilombero tangu alfajiri, miguu ndani ya tope na ndege juu ya kichwa, ana dakika sifuri. Mvuvi wa Kilwa, sifuri. Kijana anayechunga mbuzi Kondoa, sifuri. Sisemi watafiti wamekosea. Waliwauliza watu wa England kuhusu maisha ya England. Ninachosema ni kwamba "asili" ya kwenye namba hiyo ni mahali unapokwenda kwa hiari, ukapumzika, ukarudi. Kwa mwanamke anayekwenda msituni kutafuta kuni, msitu ni kazi, na siku nyingine ni hofu. Ukimwambia arudi kwenye asili atakushangaa, maana hajawahi kutoka huko.

Majaribio yanasema nini

Utasema: sawa, dodoso lina mapengo, vipi kuhusu majaribio yenyewe? Yapo. Linalonukuliwa sana ni la Gregory Bratman na wenzake, la mwaka 2015. Waliwachukua watu 38 na kuwagawa kwa bahati nasibu. Wengine walitembea dakika 90 kwenye eneo la majani na miti karibu na Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Wengine walitembea muda uleule kandokando ya barabara kubwa yenye magari mengi. Kabla na baada, walijaza dodoso kuhusu tabia ya kurudiarudia mawazo mabaya kujihusu, ile ya kuyacheua kama ng'ombe anavyocheua majani, na ubongo wao ukapigwa picha. Waliotembea kwenye majani walipungukiwa na mawazo hayo, na sehemu ya ubongo inayohusishwa na hali hiyo ilionyesha shughuli ndogo zaidi. Waliotembea barabarani hawakupata badiliko hilo.

Hili lina nguvu kuliko dodoso, kwa sababu bahati nasibu ndiyo iliyoamua nani aende wapi. Lakini swali la kwanza kwenye jaribio lolote ni hili: limelinganishwa na nini? Chukulia unatembea dakika 90 kando ya Barabara ya Mandela, malori ya bandarini yakikupita na moshi wao. Mwenzako yuko chini ya miti. Mkirudi, yeye katulia na wewe kichwa kinagonga. Je, ni miti iliyomtuliza, au ni kukosekana kwa malori? Pengine vyote viwili. Jaribio hili peke yake haliwezi kuvitenganisha. Tena halikuwa na kundi la tatu la watu walioketi barazani na majirani, au kwenye kijiwe cha kahawa wakibishana mpira. Kwa hiyo tunajua eneo la majani limeishinda barabara kuu. Kwamba limeishinda baraza, hatujaambiwa.

Tuje kwenye simu

Nusu ya pili ya ushauri ilipimwa kivyake. Hunt Allcott na wenzake watatu walichapisha mwaka 2020, kwenye jarida la American Economic Review, jaribio lililofanywa Marekani mwishoni mwa 2018 kwa watumiaji wa Facebook wapatao 2,700. Baadhi walilipwa ili wafunge akaunti zao kwa wiki nne kabla ya uchaguzi wa Novemba mwaka huo.

Walipata nini? Kwa wastani kila aliyefunga aliokoa kama dakika 60 kwa siku. Furaha yake na kuridhika kwake na maisha kuliongezeka, ila kwa kiasi kidogo. Misimamo mikali ya kisiasa ilipungua. Ufahamu wake wa habari za siku nao ulipungua. Hata baada ya wiki nne kuisha, wengi waliendelea kutumia Facebook kidogo kuliko zamani, na hiyo inakuonyesha kuwa sehemu ya matumizi yetu ni mazoea tu.

Lakini swali langu ni moja: ile saa ilikwenda wapi? Watafiti waliuliza. Sehemu ilikwenda kwa familia na marafiki. Sehemu nyingine ilikwenda kutazama runinga, mtu akiwa peke yake. Mtu anafunga skrini ndogo, anahamia kubwa.

Hapo ndipo kiungo cha ushauri wetu kinapokatika. "Zima simu" na "nenda porini" zimeandikwa sentensi moja kana kwamba ya kwanza inazaa ya pili. Haizai. Saa ikiwa tupu inajazwa na kilicho karibu, na mara nyingi kilicho karibu ni kochi.

Utupu wenyewe hatuupendi. Mwaka 2014 Timothy Wilson na wenzake waliripoti kwenye jarida la Science kwamba waliwaacha watu ndani ya chumba kwa dakika 15, bila simu, bila kitabu, wakae na mawazo yao tu. Kulikuwa na kitufe cha kujipiga shoti ya umeme. Wote waliohesabiwa walikuwa wameshaionja shoti hiyo, na wakasema wako tayari kutoa hela ili isiwapate tena. Hata hivyo, wanaume 12 kati ya 18 na wanawake 6 kati ya 24 walijipiga angalau mara moja. Ni watu wachache, usijengee nadharia nzima juu yao. Ila inakuonyesha kwa nini mkono unarudi mfukoni kabla hujaamua. Anayekwambia "acha tu" amesahau kukuambia uweke nini pale ulipoacha.

Kuna jambo jingine. Kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi, simu ndiyo pochi, ndiyo ubao wa matangazo, ndiyo njia ya kumtumia mama hela. Tangazo la jaribio linawekwa kwenye kundi la darasa saa nne usiku. Michango ya msiba inapitia hapohapo. Anayekuambia hayo si maisha halisi hajawahi kuzikwa na kundi la WhatsApp! Kwa hiyo kabla ya kuhesabu saa za skrini, tenganisha: dakika kumi za kupanga mazishi ya babu si sawa na dakika kumi za kutelezesha video za watu usiowajua. Kipimo kinachozijumlisha pamoja kinapima mwanga wa kioo tu.

Na pori lenyewe liko wapi?

Sasa tuchukulie umekubali yote. Umezima simu, umevaa raba, uko tayari. Unakwenda wapi?

Mtaani nilikokulia kulikuwa na uwanja wa vumbi tuliokuwa tunachezea chandimu. Leo pana fremu za maduka na maegesho. Sidhani mtaa wangu ni wa pekee. Wewe mwenyewe jaribu kuhesabu maeneo ya wazi unayoweza kuyafikia kwa miguu ndani ya dakika 15, salama, bila kununua soda ili uruhusiwe kukaa. Kama wewe ni msichana, hesabu yale tu ambayo ungekaa saa kumi na mbili jioni bila kusumbuliwa. Vidole vitabaki.

Watu wa Nairobi wanalijua hili kwa gharama. Mwaka 1989 ulikuwepo mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai aliupinga, akatukanwa, na mwishowe jengo halikujengwa. Miaka kumi baadaye vipande vya msitu wa Karura vilikuwa vimegawiwa watu binafsi. Maathai na wenzake walikwenda kupanda miche, na Januari 1999 walinzi wakawashambulia. Yeye alijeruhiwa kichwani. Leo watu wanakimbia na kuendesha baiskeli Karura. Kila dakika anayoipata mtu pale, hata akiihesabu kama mafanikio yake binafsi ya kuacha simu, kuna mtu aliitolea damu.

Ndiyo maana ushauri wa dakika 120, ukiachwa kama ulivyo, unaniudhi kidogo. Unamfanya mwenye nyumba yenye bustani aonekane mwenye nidhamu, na aliyepanga chumba kimoja Manzese aonekane mteja wa simu asiyejiweza. Wakati tofauti yao ya kwanza ni mahali.

Basi tufanye nini? Mimi ningeuandika ushauri upya hivi. Chagua kwanza utakachofanya na nani, ndipo uzime. Ukimwahidi rafiki kwamba mtatembea saa kumi na moja, una sababu ya kutoka ambayo simu haiwezi kuivunja kirahisi. Usingoje msitu, maana hatuna ushahidi kwamba mwembe wa nyuma ya hosteli na mazungumzo mazuri havitoshi. Zima kwanza ule muda wa kutelezesha, uache ule wa kupiga na kupigiwa.

Na wiki hii fanya jambo moja la ziada. Pita ofisi ya serikali ya mtaa wako, omba kuonyeshwa ramani ya mipango miji, uone ni viwanja gani vimechorwa kuwa maeneo ya wazi. Kisha nenda kwa miguu ukaangalie kama bado ni wazi. Matembezi hayo yatakula dakika zako kadhaa, na simu unaruhusiwa kwenda nayo. Utaihitaji kupiga picha.