Kumngoja Duma Akimbie

Kwenye uwanda wa Serengeti, duma akipanda kichuguu kuwatazama swala tomi, mpiga picha mzoefu haanzi na kamera. Anaanza kwa kushauriana na dereva. Wawili hao wanaangalia jua liko upande gani, swala wanalisha wapi na barabara inapinda wapi, kisha gari linasogezwa mahali ambapo mnyama akitoka mbio atapita ubavu wake ukiwa umemulikwa. Injini inazimwa, maana mtetemo wake hufika hadi kwenye picha. Kifuko cha maharage kinawekwa ukingoni mwa paa lililofunguliwa, na lenzi inalazwa juu yake. Baada ya hapo ni kungoja, pengine asubuhi nzima.

Ndani ya hifadhi hiyo mgeni haruhusiwi kuiacha barabara, kwa hiyo umbali hauko mikononi mwake, na umbali ndio unaoamua lenzi. Wengi hudhani lenzi ndefu kuliko zote ndiyo bora. Mimi sikubaliani nao. Ukiwa na 600mm kwenye kamera ya fremu kamili, kwa mita 30 picha inabeba upana wa mita 1.8 tu, na duma aliyejinyoosha, ukihesabu na mkia, anaweza kufika mita 2. Utakata ama pua ama mkia, na mkia ndio anaoutumia kujisawazisha anapokata kona. Picha ya mbio isiyo na mkia imepoteza nusu ya habari. Kwa kazi hii ningechagua 100-400mm: mnyama akikaribia unairudisha nyuma, naye anabaki mzima ndani ya fremu.

Kasi ya shata inataka hesabu. Duma anayekimbia kilomita 90 kwa saa anakata mita 25 kila sekunde. Kwa 1/250 mwili wake unasogea sentimita 10 kabla shata haijafunga, na picha inatoka na ukungu. Kwa 1/2000 anasogea sentimita moja na kidogo. Tena mguu unaorushwa mbele huenda kasi kuliko kiwiliwili, ndiyo maana mafundi hawa hawaridhiki na 1/1000.

Lakini duma huwinda sana asubuhi na jioni, mwanga ukiwa haba. Hapo tundu la lenzi linafunguliwa hadi f/4 au f/5.6, na ISO inapandishwa hadi 1600, 3200, hata zaidi. Chengachenga zitaonekana, na zivumiliwe tu: picha yenye chenga husafishika, iliyotikisika haina dawa. Kusubiri jua lipande nako si suluhisho. Ardhi ikishapata moto, mazigazi huanza kucheza juu ya nyasi na kila kilicho mbali kinayeyuka, hata kwa lenzi ya bei gani.

Kinachonistaajabisha zaidi ni kulenga. Kwa 400mm na f/4, mita 40 mbele, eneo lililo wazi kabisa lina kina cha mita 2 na kitu. Duma anayekuja moja kwa moja kwenye kamera analimaliza kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kamera za leo hufuata jicho la mnyama zenyewe, ila mkono wa mtu ndio unaopaswa kumweka ndani ya fremu tangu hatua ya kwanza. Fundi humfuata kwa kugeuza kiuno, viwiko vimebana mbavu, naye ameshaanza kumfuata tangu aliponyata kichwa chini, kabla hata swala hawajashtuka.

Ukipanda gari moja na mtu wa namna hii, duma akiinamisha kichwa, tafadhali tulia kwenye kiti chako. Hatua yako moja sakafuni inatosha kuitikisa lenzi ya 400mm.