Rieko, Luoro na Tafsiri Zake: Uhakiki wa Vipimo vya Kufikiri Mpakani mwa Kenya na Uganda

Kila inapojadiliwa iwapo akili ni kitu kimoja kwa watu wote, tafiti mbili zilizochapishwa mwaka 2001 na Elena Grigorenko, Robert Sternberg, Frederick Okatcha na wenzao hazikosi kutajwa. Wa kwanza uliwauliza wanakijiji Waluo wa Kenya humtambuaje mtoto mwenye akili, ukapata dhana nne: rieko, luoro, winjo na paro. Kati ya hizo, ni rieko pekee iliyooana na alama za vipimo vya Kimagharibi. Wa pili uliwapima watoto 85 wa umri wa miaka 12 hadi 15 ujuzi wa dawa za mitishamba; waliozijua vyema walielekea kupata alama za chini katika majaribio ya msamiati. Ni kazi za thamani, na watungasera wamezitumia kwa haki kutilia shaka imani kwamba asiyefaulu mtihani hajui kufikiri.

Hata hivyo, tuanze na lugha. Katika muhtasari unaonukuliwa na wengi, luoro imekuwa heshima, winjo imekuwa ufahamu wa namna ya kukabili matatizo ya maisha, na paro uwezo wa kuanzisha jambo. Lakini katika Dholuo luoro ni hofu pia. Winjo ni kusikia. Paro ni kuwaza na vilevile kukumbuka. Tafsiri imeondoa hofu, sikio na kumbukumbu, ikaacha orodha ambayo mwanasaikolojia wa chuo chochote angeitambua bila kufika Nyanza. Kiswahili kingefaa zaidi: ucha, ule tuusikiao katika "mcha Mungu", hubeba hofu na heshima kwa pamoja, na usikivu hubeba sikio na utiifu.

Kasoro ya jaribio la mitishamba ni nzito zaidi. Mtoto alipewa kisa cha ugonjwa na majina ya dawa, achague. Huko ni kupima kujua, si kupima kuamua. Nyumbani, homa ya mtoto mdogo huleta maswali yasiyo na jibu moja: nani aambiwe kwanza, jani lijaribiwe kwa muda gani, fedha za kwenda kituo cha afya zitoke wapi. Anayesema "ngoja nimuulize nyanya" hapati alama, ingawa kwa kipimo cha wazee wake ameonyesha luoro na winjo. Wala nisieleweke kuwa naisifu mila kwa jumla. Tororo inajulikana kwa maambukizi makali ya malaria, na huko usikivu unaochelewesha tiba waweza kuua. Uamuzi wa namna hiyo, wenye adabu upande mmoja na saa zinazopita upande wa pili, ndio ambao kipimo hakikuugusa.

Suala la saa si geni Uganda. Mallory Wober alionyesha mwaka 1974 kwamba wanavijiji waliihusisha akili na upole wa mwendo na uangalifu, ilhali waliosomeshwa waliihusisha na wepesi. Mitihani yetu imeshachagua upande.

Mtaala wa umilisi wa Kenya nao umeweka kufikiri kwa kina na kutatua matatizo miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi, na heshima katika orodha nyingine, ya maadili. Kilichokuwa kimeshikana katika Dholuo kimetenganishwa. Kwa Kiyeyi, upande wa pili wa mpaka, kishawishi ni kuyahamisha maneno yale manne kwa kuwa Dhopadhola ni nduguye Dholuo. Lakini Iteso na Wasamia wanaishi jirani, na lugha zao ni za koo nyingine. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liidhinishe Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, vipimo vinaweza kutafsiriwa kwa neno "akili" tu, nalo litameza kila kitu.

Napendekeza maneno yakusanywe kwanza katika Dhopadhola, Ateso na Lusamia. Kisha mtoto apimwe pamoja na mtu mzima ambaye kwa kawaida angemwuliza, na kinachoandikwa kiwe kile walichoamua wawili hao, kwa muda gani, na nani alisema twende kituoni.