Mwili Kati ya Picha Mbili

Mwaka 1952, kwenye kiwanja cha nyasi nchini Kanada, mwigizaji aliruka juu, akatua, akasogea kidogo, akaruka tena. Kila alipofika juu kabisa, kamera ilipiga picha moja. Kukunja magoti hakukupigwa, wala kutua, wala kuhema. Picha zile zilipooneshwa mfululizo, watazamaji walimwona mtu anayeelea juu ya nyasi, mwepesi, uso umejaa raha.

Filamu hiyo ni Neighbours, kazi ya dakika nane ya Norman McLaren, Mskoti aliyeajiriwa na Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada tangu mwaka 1941. Majirani wawili, Grant Munro na Jean-Paul Ladouceur, wanasoma magazeti mbele ya nyumba zao. Ua moja linachipua kati yao. Wanalinusa, wanalewa harufu yake, kisha wanaligombea mpaka wanauana. Ilitwaa tuzo ya Oscar.

Mbinu yenyewe huitwa pikisilesheni, jina lililotolewa na Munro, lakini umri wake ni mkubwa kuliko jina. Mwaka 1908 Mhispania Segundo de Chomón alikwishatengeneza filamu ya hoteli ambamo mizigo inajipanga yenyewe na nywele za mgeni zinajichana. Msingi haujabadilika: sekunde moja ya filamu ina fremu 24, na kila fremu ni picha iliyotulia. Mwanasesere akisogezwa kidogo baina ya picha na picha, anatembea. Hapa mwanasesere ni mtu mzima mwenye njaa, jasho na mgongo unaouma.

Ndiyo maana sifa za kwanza zinamstahili mwigizaji. Katika filamu za kawaida hushika hisia na kwenda nayo hadi mwongozaji aseme basi. Hapa anakatwa vipande. Chukua kitendo kinachoonekana chepesi, cha mtu kuteleza barabarani bila kuinua mguu. Anasimama wima, miguu pamoja, picha inapigwa. Anasogea shubiri moja, anasimama vilevile, kidevu palepale, mikono palepale, picha nyingine. Bega likishuka kidogo tu, mwili wote utatetemeka kwenye skrini. Na katikati ya kazi hiyo ya kujigandisha, tabasamu lazima libaki hai! Kwa video ya wimbo wake Sledgehammer wa mwaka 1986, mwanamuziki Peter Gabriel alilala chini ya kioo kwa saa 16 huku mafundi wakipanga vitu juu yake, picha baada ya picha.

McLaren hakuwa mtumwa wa kanuni. Wakati mwingine aliipunguza kasi kamera na kuwataka waigizaji waende polepole vilevile, hivyo mwendo ukatoka karibu na wa kawaida, ila una jambo geni ndani yake. Aliamini kwamba kinachotokea kati ya fremu na fremu kina uzito kuliko kilichomo ndani ya fremu moja. Kwa fani hii yuko sahihi kabisa: jasho lote limo katika nafasi asizoziona mtazamaji.

Lakini mtu hatulii kama mwanasesere. Anapumua, shati linakunjamana, wingu linapita. Mitetemo hiyo ndiyo uzuri wa fani, na anayeifuta yote kwa kompyuta anaondoa uhai wenyewe. Juan Pablo Zaramella wa Argentina alilifahamu hilo. Katika Luminaris ya mwaka 2011 hakupigana na jua linalosogea. Aliligeuza kuwa hadithi, mwanga ukawa ndio unaowavuta watu kwenda kazini.

Uhai huo una gharama yake pia. Katika Neighbours, ugomvi unapochacha, kila jirani anamshambulia mke na mtoto wa mwenzake. Vikaragosi vya kuchora vingefanya hivyo bila kumshtua mtu. Miili ya kweli ilishtua, na McLaren akatakiwa kukiondoa kipande hicho. Wakati wa vita vya Vietnam fikra za watu zilibadilika, akaombwa akirudishe. Negativu ya asili ilikuwa imeshaharibiwa, ikabidi kipande kichukuliwe kutoka kwenye nakala ya kuonesha, iliyo hafifu zaidi.