Saa za Mchezo

Kwa miaka mingi nilimkemea mwanangu kwamba michezo ya kompyuta inampotezea wakati. Kisha nikaitazama filamu ya Benjamin Ree ya mwaka 2024 juu ya Mats Steen, kijana wa Norwei mwenye maradhi ya kudhoofika misuli, aliyefariki mwaka 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake walidhani aliishi mpweke. Zilipowafikia rambirambi, ndipo walipojua kwamba ndani ya World of Warcraft alikuwa na marafiki wa kweli. Filamu ilinigusa, ila haisemi neno juu ya kijana mwenye miguu mizima. Hata hivyo, jioni ile nilimwuliza mwanangu anacheza na nani. Alitaja majina sita. Sikumjua hata mmoja.