Heko kwa Warsha ya Filamu

Chepilat, mpakani mwa Sotik na Borabu, mwanafunzi wa filamu mwenye simu anaweza kuanza kwa kumrekodi mchuma chai. Mkono unavunja majani mawili na chipukizi. Picha ikatwe papo hapo, ifuate ile ya majani yakitua kikapuni. Mtazamaji hataona kiungo.

Stadi hiyo ya kuunganisha picha hufundishika, na kampuni ya One Fine Day Films, ya Tom Tykwer na Marie Steinmann, inastahili heko kwa kulithibitisha hilo Kenya. Warsha zake ziliwaketisha wanagenzi wa kamera, sauti na uhariri pamoja na mabingwa, kisha wakatengeneza filamu kamili.

Miongoni mwa filamu hizo, Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga ilitoka 2012, ikawakilisha Kenya kuwania Oscar. Supa Modo ya Likarion Wainaina ikafuata 2018.