Machozi ya Augustino

Msomaji kijana, katika mtaa wa Tudor, kisiwani Mombasa, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyofunguliwa miaka ya 1950 ili kufundisha ufundi ilikua hata ikawa chuo kikuu mwaka 2013. Mwanafunzi wa mahali kama hapo aweza kuuliza: Mimi niliyekusudia kujua mitambo, vitabu vya kale vyanifaa nini? Swali hilo ni la haki, wala halijibiwi kwa sifa tupu. Natukipime kitabu kimoja.

Maungamo ya Augustino yaliandikwa kwa Kilatini yapata mwaka 400. Mwandishi alizaliwa mwaka 354 katika nchi iitwayo leo Aljeria, naye alikuwa askofu alipoyaandika. Anasimulia masomo yake. Kiyunani alifundishwa kwa fimbo, akakichukia. Lakini Virgil, mshairi wa Roma, alimliza: alimlilia Dido, malkia wa Carthage, aliyejiua kwa mapenzi. Alipokuwa katika mwaka wa 19 wa umri wake alisoma kitabu cha Cicero cha kusifu hekima, na moyo wake ukageuka. Kisha akaifungua Biblia, akaiona duni kwa lugha mbele ya Cicero! Miaka mingi ilipita kabla hajaisoma kwa unyenyekevu.

Hapa ndipo penye uzuri wa kitabu, na ndipo penye kasoro yake. Uzuri ni kwamba askofu hafichi kuwa aliwahi kuyadharau Maandiko. Kasoro ni kwamba anajilaumu kwa kumlilia Dido ilhali hakuililia roho yake mwenyewe. Lawama hiyo imepita kiasi. Ni nani aliyemwonyesha kwamba maneno yaweza kuuliza moyo, kama si Virgil? Kalamu inayomkemea mshairi ilichongwa na mshairi yule yule.

Usidhani habari hii i mbali na Mombasa. Zama za Wareno, watawa wa shirika lenye jina la Augustino walikuwa na nyumba yao mjini humu. Wenzao wa Goa ndio waliomlea Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa Mombasa, ambaye baba yake aliuawa mwaka 1614 baada ya kugombana na Wareno. Walimsomesha, akabatizwa, akarudi kutawala mwaka 1626. Mwaka 1631 aliingia Ngome ya Yesu, akamwua kapteni, akarejea katika Uislamu. Watawa nao walikuwa miongoni mwa waliouawa. Sababu za maasi yale zilikuwa nyingi, na za utawala zilipita za vitabu. Walakini tazama tofauti: Augustino alibisha, akatangatanga, akaamini kwa hiari yake akiwa mtu mzima, Yusuf alipewa imani akiwa mtoto, mikononi mwa dola iliyomwangusha baba yake. Mwalimu asiyempa mwanafunzi nafasi ya kubisha hawezi kujua kilichomo moyoni mwake.

Basi, uwe Mkristo au Mwislamu, yasome Maungamo kama umsikilizavyo mzee barazani: kwa adabu, lakini bila kuacha kuuliza. Anza na ukurasa wa Dido. Ukiisha kuusoma, amua mwenyewe kama machozi yale yalipotea bure, kisha andika sababu zako.